Nduma Moja kwa Wajane Wawili

Jana tulimzika Kanana, mke wa marehemu Njuki, na tangu jana watu hawaniachi nipumue. Kila apitaye mlangoni anasema, "Pole, Mama Murithi, umepoteza rafiki." Rafiki! Katekista naye alisimama pale kaburini akawaambia watu kwamba mimi na Kanana tulikuwa mfano wa Kikristo, wajane wawili waliopendana baada ya yote yaliyotokea. Nilikuwa na udongo mkononi. Nusura nimrushie.

Wanajua nusu tu, hawa watu. Wanajua kwamba Njuki ndiye aliyempiga risasi mume wangu Mbaabu, kule chini kwenye maporomoko, mwaka wa hamsini na tano. Wanajua kwamba baada ya hapo Kanana alinilimia, akanitekea maji, akanibebea kuni miaka minne mizima, nami nikamruhusu aingie jikoni kwangu. Basi wanatikisa vichwa na kusema Mungu ni mkubwa. Leo nitaisema ile nusu nyingine, na atakayenichukia na anichukie, mdomo ni wangu.

Kwanza, Kanana hakuwa malaika. Msidanganywe na mahubiri ya kaburini. Alikuja kuolewa hapa Igoji akitoka upande wa Mwimbi, msichana mrefu, mwenye mabega mapana, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko panga lake. Alibeba mikungu miwili ya ndizi mahali ambapo sisi tulibeba mmoja. Siku niliyorudi kutoka kwa masista nimevaa gauni la kitambaa cha maua, aliniangalia juu mpaka chini mbele ya wanawake wote kisimani, akaniuliza, "Marcella, hilo gauni ndilo lililokukataza kulima?" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, na sikusahau.

Hakujaliwa mtoto. Nami nilijaliwa watatu, wa kwanza Murithi. Nitasema ukweli wangu wote: nilimhurumia kwa hilo, na siku nyingine nilifurahia. Akinitania gauni langu nilimwita Murithi kwa sauti kubwa, hata kama sikuwa na haja naye.

Sasa sikilizeni jambo la gichiaro, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Ukoo wa Njuki ulitoka Chuka zamani za njaa. Mababu wake na mababu wa mume wangu walichanjana damu wakaapa kuwa ndugu, wao na uzao wao wote. Hiyo ndiyo gichiaro. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza, humdanganyi. Damu yake humwagi. Naye akija kwako, husimama mbali na boma akaita jina lake, jina la babake na ukoo wake, na aliye ndani, hata kama ameshika mkuki, huuweka chini. Anayevunja haya, kifo huingia nyumbani kwake, na huanza na watoto. Wake zao nao wamo, maana ukiolewa unaolewa na viapo vya watu.

Padre alituambia huo ni ushenzi. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kanisani, halafu nikifika nyumbani naogopa kama kawaida.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na nne serikali ilituchomea nyumba. Tuliambiwa asubuhi, na kufikia adhuhuri ilikuwa ni moshi mtupu kuanzia mgongo huu wa mlima hadi ule. Tukasukumwa kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro wenye vijiti vilivyochongwa, vibanda vimebanana, lango moja, na kambi ya homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, kando yake. Njuki alikuwa msituni zaidi ya mwaka mmoja akipigana na wazungu. Mume wangu alikuwa homgadi. Sitawaambia kwamba Mbaabu alimpenda mzungu au aliichukia ardhi ya babake. Homgadi hakuchimba mtaro, na mke wa homgadi hakuchimba. Ni hilo tu. Alikuwa mtu wa kupenda kukaa, mume wangu, mtu wa kuota jua na kuzungumza, na bunduki aliyopewa aliibeba kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mzigo.

Kanana alichimba. Kila siku tangu alfajiri mpaka saa saba, mtaro wa kando ya msitu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kikohozi kilichomuua wiki hii alikitoa huko, msiniambie ni baridi. Mchana walifungua lango kwa saa moja ili wanawake wateke maji na kuokota kuni, homgadi mbele, homgadi nyuma. Na katika saa hiyo moja, kuanzia mwezi wa pili, Kanana alikuwa akienda kwenye maporomoko.

Mtu akija kutoka Meru mjini hawezi kuyaona maporomoko yale. Hayako kando ya barabara na serikali haikuyapa jina. Ukitaka kumwelekeza mtu unamwambia afuate mto kushuka, apite migomba ya zamani ya kwa Kathuri, ashuke tena kwenye utelezi akishikilia mizizi, mpaka afike mahali ambapo hasikii sauti yake mwenyewe. Hapo maji yanaanguka kutoka juu ya jiwe jeusi na kuingia kwenye shimo, na bonde lenyewe ni jembamba, basi kelele haina pa kwenda. Nyuma ya maji kuna nafasi. Watoto wa zamani tuliijua, tulikuwa tukiingia kwa ubavu wa kulia tukitambaa, tukitoka tumelowa chepechepe. Watu wazima hawakwenda huko, palikuwa hapana kazi.

Huko ndiko Njuki alikokuwa. Aliteremka kutoka msituni na risasi ya Majoni kwenye paja, wale askari vijana kutoka Uingereza, na wenzake walimwacha hapo kwa sababu hakuweza kukimbia. Kanana aliponihadithia haya yote baadaye, alisema paja lilikuwa limevimba na linanuka, na kila alipokwenda alimwosha kwa maji ya chumvi, akamlisha, akarudi mbio na kuni chache za kuonyesha. Wanawake wenzake walijua. Walikuwa wakimpa kuni zao. Hakuna aliyesema, hata wale niliodhani ni rafiki zangu hawakuniambia. Mke wa homgadi nani atamwambia?

Naye Njuki alimjua mkewe kwa ishara. Kanana alikuwa akivua kitambaa chake chekundu na kukitandaza juu ya jiwe la ng'ambo, mumewe akakiona kupitia pembeni mwa maji. Hakuwahi kuita hata siku moja. Angeitaje? Shikeni neno hilo, maana mimi limenikaa kooni miaka minne.

Mwezi wa nne mvua ilishika. Katikati ya mvua hiyo watu wa msituni walichoma daraja la magogo, na Bwana D.O., mzungu mtawala wa tarafa, akakasirika, akaadhibu kijiji kizima. Lango likafungwa. Siku saba hakuna kutoka, hakuna kuni, maji ni ya kukinga kwenye paa. Homgadi peke yao ndio waliopita.

Siku ya kwanza Kanana alivumilia. Ya pili akavumilia. Ya tatu vile vile. Alfajiri ya siku ya nne alichemsha nduma mbili alizokuwa nazo, akapika uji wa wimbi akaukoroga asali ya mwisho, akautia kwenye kibuyu, akaweka vyote ndani ya kiondo pamoja na chumvi iliyofungwa kwenye jani. Kulipokucha akaenda langoni katikati ya mvua. Mbaabu alikuwa zamu, peke yake, amejifunika gunia.

"Baba Murithi," akamwambia, "nakuomba neno."

Mume wangu hakuwa mpumbavu. Aliona kiondo, akauona uso. "Shemeji, usiniombe," akasema. "Rudi nyumbani. Mimi sijakuona."

"Nakuomba kwa gichiaro."

Kanana aliniambia kwamba Mbaabu aliangalia pande zote kama mtu anayetafuta pa kuketi. Halafu akasema, "Umeniua, mwanamke." Akanyoosha mkono akachukua kiondo.

Akamwambia mahali. Akamweleza ubavu wa kulia, jinsi ya kutambaa. Mbaabu akauliza, "Ana bunduki?" Naye hakuweza kumdanganya, akasema anayo, ile ya kutengenezwa kwa bomba na komeo la mlango. Mbaabu akauliza, "Sasa nitafanyaje asinipige?" Na Kanana, yule mwenye akili kuliko sisi wote, yule mwenye jibu la kila kitu, akamjibu kama ambavyo mamake angejibu, na nyanyake: "Si utaita? Ukifika simama uite. Nani amewahi kumgusa mtu wa gichiaro aliyeita?"

Mbaabu akaona ni sawa. Hata mimi ningeona ni sawa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi! Tangu utotoni tumefundishwa kwamba ukiita uko salama, na tunaliamini neno hilo kuliko tunavyoamini masikio yetu. Miezi miwili Kanana alikuwa akienda mahali ambapo hata radi huisikii, anatandaza kitambaa bila kufungua mdomo, na bado hakukumbuka. Kitambaa kilikuwa kichwani mwake wakati wanazungumza. Angekivua tu akampa.

Mume wangu aliwaambia wenzake anakwenda kukagua mitego ya kando ya mto. Alishuka. Mvua ilikuwa imeujaza mto, maji yanaanguka mekundu na mazito. Alisimama ng'ambo ya shimo akiwa amevaa koti la homgadi, kitambaa cheupe cha homgadi kimefungwa mkononi, bunduki begani, kiondo ndani ya koti kisilowe. Akaita jina lake, jina la babake na ukoo wake. Njuki mwenyewe alisema hivyo baadaye mahakamani, kwamba aliuona mdomo ukifunguka mara tatu. Alidhani anawaita wenzake. Alingoja mpaka Mbaabu alipoanza kutambaa kuingia kwa ubavu, akampiga kifuani.

Yaliyofuata hakumwambia mtu, nayajenga mwenyewe: kiondo kikamwangukia miguuni. Mume anakijua kiondo cha mkewe. Akafungua akakuta nduma bado zina joto, na chumvi kwenye jani, na alipomgeuza mtu aliyemuua akauona uso wa Mbaabu aliyecheza naye nyuma ya maji hayo hayo walipokuwa wavulana.

Jamani, Njuki angeweza kukaa. Mto ulikuwa umefurika, angeusukuma mwili ukachukuliwa mpaka Tharaka, na nani angejua? Chakula alikuwa nacho. Siku tatu zaidi lango lingefunguliwa, na mkewe angekuja. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimelala. Alichofanya ni kutupa kiondo na kibuyu mtoni visionekane, akamtwika mume wangu mabegani, na kwa lile paja lililooza akapanda naye ule utelezi.

Alifika mbele ya lango karibu saa kumi. Mimi nilikuwa nikianua nguo chini ya paa la kambi. Akasimama mbali, hatua kama hamsini hivi, akamlaza Mbaabu kwenye nyasi, akaweka bunduki yake ya bomba kando, akaita. Jina lake, jina la babake, ukoo wake. Sisi sote tulimsikia. Na homgadi wote waliokuwa kwenye ukuta wa kambi, wana wa hapa hapa, waliinamisha bunduki chini kabla hawajajua wanafanya nini, mzungu aliyewaamuru akawa anapiga kelele peke yake.

"Nimemuua mtu wa gichiaro," Njuki akasema. "Sikumjua. Nimemleta kwa watu wake."

Nilikimbia. Sikumbuki kupita lango. Nakumbuka tu kwamba mkono wa Mbaabu ulikuwa baridi na una matope, nami nikaanza kuyafuta matope kwa gauni langu, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa.

Walimpitisha Njuki katikati ya kijiji amefungwa. Kanana alikuwa amesimama pale pale njiani kati ya wanawake. Njuki alipita karibu naye kiasi cha kumgusa, na hakumtazama. Walimpiga siku mbili wakitaka amtaje aliyemlisha, akasema alikuwa akiiba. Wakampeleka mahakamani kwa sababu ya ile bunduki, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele walikuwa wameshamnyonga. Mwili hatukuuona.

Mimi Bwana D.O. alinipa blanketi na karatasi iliyoandikwa kwamba mume wangu alikufa shujaa akiwafuata maadui. Shujaa! Mbaabu aliyekuwa akiogopa hata kwenda chooni peke yake gizani. Nikaanza kujiuliza alikuwa akitafuta nini kule peke yake. Nikalichukua koti lake, ambalo sikuwa nimeligusa tangu siku ile, nilifue, na ndani ya kola, ambapo mvua haikufika, kulikuwa na uji uliomwagika ukakauka. Nikaonja. Wimbi na asali. Mimi siku aliyokufa sikuwa nimepika uji, na asali sikuwa nayo tangu tuchomewe nyumba.

Nikaenda na koti mpaka kibandani kwa Kanana. Alikuwa ameketi chini, hajawasha moto. Sikumwamkua.

"Nakuuliza kwa gichiaro," nikasema. "Nani alimtuma mume wangu?"

Alikuwa akiniangalia tangu nilipoingia. "Mimi," akasema. Akaniambia yote, kuanzia kitambaa mpaka "si utaita". Hakujitetea kwa neno lolote. Alipomaliza akasema, "Sasa nenda ukaseme, Mama Murithi. Mimi niko tayari."

Nami nilikwenda. Haki ya Mungu nilikwenda. Nilivuka kijiji kizima nikiwa na koti lile mkononi, nikijua kwamba neno langu moja litamfanya afungwe maisha au anyongwe kama mumewe, na nikaona utamu wake mdomoni. Nikafika mbele ya meza ya D.O. Mkalimani akaniuliza nataka nini.

"Nimerudisha koti la serikali," nikamwambia.

Msiniite mwema. Nyumbani nilimwacha Murithi ana homa. Alikuwa na miaka saba. Macho yamekuwa mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio, na wanawake walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba damu ya gichiaro imemwagika na imeanza kula nyumba. Niliogopa kuongeza damu juu ya damu. Ni woga ulionifunga mdomo.

Mzee Kathuri, mwenye ile migomba ya zamani, alikuwa ndiye mkubwa wa rika lake kijijini. Nilimfuata nikalia mbele yake, mimi mtoto wa misheni. Akasema damu ya namna hiyo husafishwa na wazee wa pande zote mbili, kwa kondoo dume, pale pale ilipomwagika. Lakini kondoo wote walikuwa kwenye zizi la serikali, na kukusanyika kulikatazwa. Mwishowe akasema, "Nendeni ninyi wajane wawili. Kuleni kitu kimoja pale, mlishane kwa mikono. Kila mmoja amwombee uhai wa mwenzake moyoni. Moyo ukikataa, msile."

Kesho yake lango lilipofunguliwa tukaenda, katika saa ile ile ya maji. Homgadi aliyetuongoza alikuwa rafiki wa Mbaabu, akaelewa, akatuambia tusichelewe. Kanana alitangulia kwenye utelezi. Kila nilipoteleza alinipa mkono, nami kila mara niliukataa nikashika mzizi. Tukasimama mbele ya yale maji. Sikuwa nimefika huko tangu utoto, na nilikuwa nimesahau jinsi yanavyokuondoa duniani, jinsi kichwa kinavyojaa kelele mpaka huwezi hata kujisikia ukilia. Nikaelewa basi jinsi mume wangu alivyokufa. Nikamwona akifungua mdomo.

Kanana alikuwa na nduma moja, imechemshwa. Akaimega. Akanilisha kipande kwa mkono wake, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. Nikatafuna nikameza. Kisha ikawa zamu yangu. Nikaweka kipande kinywani mwake, vidole vyangu vikagusa ulimi wake, ule ulimi uliosema "si utaita", na moyoni mwangu, mahali ambapo nilipaswa kumwombea uhai, nikasema: Na wewe ufe.

Nilisema hivyo. Sikukosea, sikuteleza. Nililisema waziwazi moyoni, na likanipa nafuu.

Murithi alikufa siku ya tano baada ya hapo. Ilikuwa surua. Watoto kumi na mmoja walikufa kijijini mwezi ule kwa surua, na wengi wao hawakuwa na gichiaro na mtu yeyote. Padre aliniambia hivyo, na nesi aliniambia hivyo, nami najua kuhesabu. Usiku hesabu hiyo hainisaidii.

Jioni ya mazishi Kanana alikuja akapiga magoti mlangoni kwangu. Akasema, "Ni mimi, Mama Murithi. Ulipokuwa ukinilisha nilikuwa nikimlilia Njuki. Nilitakiwa kukuombea wewe, na moyo wangu ulikuwa kwa mume wangu. Mimi ndiye niliyeharibu. Kwanza baba, sasa mtoto."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwepo, lilikuwa hapa kwenye meno. Nikamtazama akiwa amepiga magoti, yule mrefu, mwenye mdomo, aliyenicheka kisimani, nami nikanyamaza.

Kesho yake asubuhi nikakuta mtungi wa maji mlangoni. Keshokutwa tena. Alichimba mtaro mpaka saa saba, akaja akanitekea maji, akanipasulia kuni, na walipoturudishia mashamba alilima langu kabla ya lake. Wanangu wawili waliobaki alikuwa akiwalisha kabla hajala yeye. Hakumtania mtu tena. Watu wakasema huzuni imempa adabu. Miaka minne nilikunywa maji ya Kanana, jamani, na kila kikombe nilijua. Mwaka wa kwanza nilikunywa kwa hasira. Baadaye hasira ilikwisha na nikaendelea kunywa, maana ningemwambia nini? Kadiri nilivyochelewa ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Na nilikuwa nimeshamzoea. Alipokohoa usiku kibandani kwake nilimsikia, nikawa sipati usingizi mpaka anyamaze.

Juzi alianza kutapika damu. Nilikaa naye mchana kutwa. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka ni pumzi tu, basi niliinama nikaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Mama Murithi," akasema, "nataka kukuuliza neno."

Nikasema moyoni, leo ameniweza, ataniuliza kwa gichiaro na nitamjibu, na atakwenda nalo kwa Njuki na kwa Mbaabu na kwa mtoto wangu. Na nawaambia, nilitaka aniulize. Nilimshika mkono nikamwambia, "Uliza. Uliza, Kanana."

"Nani atakutekea maji?"

Nikamwambia nitateka mwenyewe. Akaniambia nivue viatu, njia ya mtoni inateleza.